Mandhari Bila Dhamira

Niseme mapema ugomvi wangu ni na nani, ili asiyehusika aendelee na shughuli zake. Ni na miaka ya sitini. Si ile ambayo watu waliiishi, maana hiyo sikuwepo na wengi wenu hamkuwepo. Ni hii inayopakuliwa.

Mnaijua. Maua manene ya rangi ya chungwa na waridi, herufi zilizovimba kama maandazi, miduara inayojikunja hadi macho yanawasha, alama ya amani pembeni, labda na kigari cha Volkswagen chenye sura ya mtoto. Unabonyeza mara mbili na uso mzima wa kompyuta unabadilika: picha ya nyuma, ikoni, kishale, rangi za madirisha, hata mlio wa kufunga programu. Dakika moja tu, eti uko 1967. Na siku hizi walio mstari wa mbele katika mapambo haya ni sisi sisi watu wa vitabu. Ukimtembelea mwandishi chipukizi, kabla hajakuonyesha sura ya kwanza ya riwaya yake atakuonyesha jinsi alivyoipamba laptopu anayoiandikia. "Inanipa mudi," anasema. Mudi ya nini, ndugu yangu? Hilo ndilo swali langu, na naomba nilijibu bila haraka.

Aliyeieneza biashara hii anajulikana. Agosti 1995, Microsoft ilipotoa Windows 95, ilitoa pia kifurushi cha pembeni cha kununuliwa peke yake, kilichoitwa Plus!. Ndani yake, pamoja na mchezo wa pinball na toleo la kwanza la Internet Explorer, kulikuwa na mandhari za kupambia kompyuta. Moja iliitwa The 60's USA. Miaka mitatu baadaye mandhari hizo zikaingizwa ndani ya Windows 98 yenyewe, na kwa njia hiyo zikatufikia hata sisi ambao hatukuwahi kununua programu yoyote kwa risiti. Intaneti kafe niliyokuwa naenda Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila mashine ilikuwa na mandhari yake. Vijana tuligombania ile ya Dangerous Creatures kwa sababu ya milio. Mashine ya sitini ilikuwa ya aliyechelewa.

Angalieni lakini muongo ule uliwekwa kwenye kabati gani. Jirani zake walikuwa michezo, safari, wanyama hatari, Leonardo da Vinci, na kitu kilichoitwa The Golden Era. Miaka kumi ya mauaji, maandamano, vita na sheria mpya imepangwa rafu moja na papa na mipira. Hata hivyo nawapa haki yao wale waliolipa jina. Waliandika USA. Neno lile lilikuwa la uungwana: lilikiri kwamba hii ni sitini ya kwao, si ya dunia nzima. Mandhari zinazopakuliwa leo zimelifuta. Siku hizi ni "sixties" tu, kana kwamba kulikuwa na sitini moja, ikawaka California, na kwingine kote tulikuwa tumekaa gizani tukisubiri umeme.

Sasa twende kwenye neno lenyewe. Kiingereza huita mapambo haya kwa jina lile lile ambalo kwenye uhakiki wa vitabu sisi tunaliita dhamira. Watafsiri wetu walipokaa kuigeuza kompyuta iongee Kiswahili, kazi iliyoanza kuonekana 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice na ambayo kampuni kubwa ziliifuata, lugha haikulikubali jina hilo. Shika simu yako iliyowekwa Kiswahili, utasoma "Mandhari meusi". Mandhari, si dhamira. Sijui kama aliyechagua alikuwa anafikiria darasa la fasihi, ila alipatia kuliko aliyebuni jina la asili.

Kila aliyekaa darasa la Kiswahili kidato cha tatu na cha nne anakumbuka mwalimu akigawa ubao mara mbili: fani huku, maudhui kule. Mandhari iko upande wa fani, pamoja na muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha. Dhamira iko upande wa maudhui, pamoja na migogoro, ujumbe na msimamo wa mwandishi. Mtoto wa miaka kumi na sita anajua kwamba ukimwandikia mtahini mandhari peke yake hupati alama. Basi tuisahihishe sitini ya kompyuta kwa mwongozo ule ule. Mandhari: ipo, tena kwa fujo. Wahusika: hakuna, hata mmoja. Migogoro: hakuna. Msimamo: rangi ya chungwa.

Si matusi haya, ni maelezo ya faili. Faili la mandhari la Windows ni maandishi matupu. Mtu yeyote anaweza kulifungua kwa Notepad akalisoma. Kuna mstari unaotaja picha ya nyuma. Kuna mistari ya vishale, cha kawaida na cha kusubiri. Kuna mistari ya ikoni, pamoja na pipa la taka likiwa tupu na likiwa limejaa. Kuna milio. Kuna rangi, kila moja imeandikwa kwa namba tatu kati ya 0 na 255: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani. Basi. Mimi ni mwandishi wa habari, kukata ndiyo kazi inayonilisha. Unapeleka maneno elfu mbili, mhariri anataka mia nne. Kwa hiyo sishangai kwamba muongo mzima umekatwa ukaenea kwenye faili dogo. Ninachouliza ni kile ninachouliza kila habari yangu ikirudi imekatwa: kilichobaki, kimebaki kwa kigezo gani?

Kigezo kinaonekana ukifuata kitu kimoja kimoja kilikotoka.

Anza na zile herufi zilizovimba. Zina mwenyewe. Wes Wilson alizichora San Francisco mwaka 1966 kwa ajili ya mabango ya muziki ya ukumbi wa Fillmore, akiwa amejifunza kutoka kwa herufi za Alfred Roller, mchoraji wa Vienna wa mwanzo wa karne ile. Herufi hizo zilikusudiwa zisomeke kwa shida. Ulitakiwa usimame njiani, ukunje uso, uzizungushe kichwani mpaka neno litoke. Bango lilikuwa linakuchelewesha makusudi. Ikoni ya kompyuta kazi yake ni kinyume kabisa: uielewe kabla hujaiangalia. Ukichukua umbo la herufi za Wilson ukalivisha ikoni, umechukua ngozi ya mnyama aliyekuwa anakwenda upande mwingine. Na kabla ya mabango ya muziki, mwaka 1965, Wilson huyo huyo alichapisha bango lake mwenyewe kuhusu vita: bendera ya Marekani yenye alama ya Wanazi mahali pa nyota. Hilo hutalikuta kwenye mandhari yoyote. Mchoraji ni mmoja, mkono ni mmoja. Kilichokatwa ni kile alichokuwa anakisema.

Alama ya amani nayo. Wengi wanaamini ilizaliwa na mahipi. Ilichorwa Uingereza mwaka 1958 na Gerald Holtom, mtu aliyekuwa amekataa kupigana Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya dhamiri yake, kwa ajili ya maandamano ya Pasaka ya kutoka London kwenda Aldermaston, kulikokuwa kunatengenezwa silaha za nyuklia. Mistari yake ni ishara mbili za bendera za mabaharia, N na D, za kudai kuondolewa kwa nyuklia, zimewekwa moja juu ya nyingine. Ni sentensi, tena ya amri. Haikuwahi kusajiliwa kuwa mali ya mtu, ndiyo maana imeishia kwenye kandambili, kwenye hereni, na kwenye kishale cha kompyuta inayosubiri faili lifunguke.

Halafu kuna jambo ambalo lingetosha kumaliza mjadala kama watu wangelijua. Tarehe 6 Oktoba 1967, vijana wa Haight-Ashbury, mtaa ule ule wa San Francisco ambao mandhari zote hizi zinadai kuuiga, waliandaa mazishi. Walibeba jeneza barabarani. Marehemu alikuwa "hipi", kiumbe ambaye kwa maoni yao alitengenezwa na magazeti na televisheni, na biashara ikawa inamuuza kwa vipande. Yaani waliokuwepo walimzika wenyewe, mwaka ule ule tunaotaka kuurudia. Microsoft imekuja kumfukua baada ya miaka ishirini na nane, na sisi tumemweka sebuleni.

Nimeambiwa hapo ninakuza mambo. "Ni picha tu." Nimeshawahi kusikia mtu wa fasihi, mwenye shahada, aliyetumia miaka mitatu kujifunza kwamba hakuna taswira isiyo na maana, akiniambia ni picha tu. Hivi ushairi ukiwa na ua ni ishara, skrini ikiwa na ua ni picha tu? Tunachambua jalada la riwaya mpaka fonti ya jina la mwandishi. Jalada unaliona mara chache. Uso wa kompyuta unauangalia kila siku, masaa manane, na ndicho kitu cha kwanza unachokiona kabla hujaandika neno. Kama kuna andiko linalosomwa zaidi na waandishi wa kizazi chetu kuliko lolote, ni hilo, na hatujawahi kulihakiki.

Tena kuna kichekesho ndani yake ambacho mchoraji wa mandhari hana habari nacho. Vijana wa sitini ya Marekani, wale wa kweli, kompyuta walikuwa wanaichukia. Desemba 1964, wanafunzi wa Berkeley walipogombana na uongozi wa chuo kuhusu haki ya kufanya siasa ndani ya eneo la chuo, walivaa shingoni kadi za IBM, zile kadi za matundu ambazo chuo kilizitumia kuwaandikisha, na wengine walizitoboa upya matundu yasomeke FSM, kifupi cha jina la harakati yao. Tarehe 2 mwezi huo, Mario Savio, aliyekuwa ametoka kiangazi hicho kuandikisha wapiga kura weusi Mississippi, alisimama kwenye ngazi za Sproul Hall akasema kwamba inafika wakati mashine inakuwa chukizo kiasi kwamba lazima uweke mwili wako kwenye gia zake uisimamishe. Zaidi ya watu 700 walikamatwa baada ya hapo. Alikuwa anasema kwa mfano, ndiyo, mashine yake ilikuwa chuo na serikali, lakini kadi zilizokuwa shingoni hazikuwa mfano.

Na walikuwa na sababu. Kufikia 1968 jeshi la Marekani lilikuwa limeweka kompyuta za IBM 360 kwenye kambi ya Nakhon Phanom, Thailand, zikipokea ishara kutoka kwa vifaa vilivyodondoshwa msituni kwenye njia ya Ho Chi Minh, ili ndege zijue mahali pa kupiga mabomu. Mkulima au askari akipita, kifaa kinatikisika, nukta inawaka kwenye skrini. Hiyo ndiyo ilikuwa skrini ya miaka ya sitini, jamani. Haikuwa na ua.

Skrini nyingine ilikuwa San Francisco kwenyewe. Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya wataalamu wa kompyuta wapatao elfu moja, Douglas Engelbart alikaa jukwaani na vifaa vya masikioni, na kwa muda wa saa moja na nusu akaonyesha kitu ambacho karibu hakuna aliyewahi kukiona: kipanya, maandishi yanayohaririwa kwenye skrini, viungo vya kurukia kutoka andiko moja hadi jingine, watu wawili walio mbali wakifanya kazi kwenye andiko moja huku wakionana. Kipanya cha kwanza mwenzake Bill English alikuwa amekitengeneza miaka minne hivi kabla, kwa kijisanduku cha mbao. Mfano mmojawapo aliouonyesha ulikuwa orodha ya mahitaji ya sokoni. Upande wa Menlo Park, kwenye maabara, aliyeshika kamera alikuwa Stewart Brand, ambaye mwaka huo huo alitoa toleo la kwanza la Whole Earth Catalog, kitabu cha vijana waliokuwa wanahama mijini kwenda kuishi kwa pamoja mashambani. Na pesa ya kazi ya Engelbart ilitoka kwa sehemu kubwa ARPA, idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi. Wizara ile ile ya Nakhon Phanom.

Someni aya hiyo tena kama mnavyosoma sura ya riwaya. Wahusika wapo. Mgogoro upo, tena wa aina inayowasumbua waandishi wazuri: mtu mpole mwenye ndoto ya kuwasaidia wanadamu wafikiri pamoja, analipwa na wizara inayopiga mabomu, anasaidiwa na kijana wa upande wa maua, mwaka ambao Martin Luther King aliuawa Memphis. Na matokeo yake ni kitu ulichoshika mkononi sasa hivi. Kipanya ni cha sitini. Dirisha linaloharirika ni la sitini. Kiungo unachobonyeza ni cha sitini. Folda na ikoni zilikuja baadaye kidogo, muongo uliofuata, lakini msingi ulishamwagwa. Ukibandika mandhari ya miaka ya sitini juu ya uso wa kompyuta, umeipaka miaka ya sitini rangi ya sitini ili isionekane.

Hilo ndilo linaloniudhi hasa. Ningekuwa radhi na mapambo yasiyojua kitu. Lakini haya yanafunika.

Sisi tuna neno kwa ajili ya tamaa hii, na nalipenda kuliko maneno yote ya kigeni yanayozungumzia kutamani ya kale. Zilipendwa. Redio zimelizoea: Jumapili, muziki wa bendi, zilipendwa. Kisarufi ni kitenzi kilichonyang'anywa mtenda, na sarufi ya Kiswahili inakuruhusu kumrudisha wakati wowote kwa kuuliza: zilipendwa na nani? Baba yangu akisikia bendi za zamani redioni anamjibu mtangazaji kabla hajaulizwa. Anataja ukumbi, anataja aliyekwenda naye, anataja viatu. Hiyo ni zilipendwa yenye mtenda. Sasa mwandishi wangu chipukizi aliyezaliwa 1998 Mbeya akiweka maua ya Haight-Ashbury kwenye laptopu, yalipendwa na nani? Si yeye. Si mama yake. Wala si wale wa Haight-Ashbury, maana walishabeba jeneza. Yalipendwa na mtu wa mauzo mwaka 1995, aliyehitaji kitu cha rangi kukiweka kati ya safari na michezo.

Najua kinachokuja. Mtu atainua mkono kule nyuma aseme: basi tutengeneze ya kwetu! Sitini ya Tanzania! Weka Tingatinga!

Ngoja kwanza. Kwa kuangalia juujuu hoja ina mvuto, na tarehe zinashawishi. Mwaka ule ule wa Engelbart, 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mraba vya hadibodi. Mraba, rangi kali, mnyama mmoja katikati, mpaka mweusi: kama ingekuwa ni kutafuta ikoni, usingehangaika. Lakini Tingatinga alikuwa mtoto wa Tunduru aliyepita mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika mjini akawa mtumishi wa nyumbani kwa mzungu, akauza picha nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mtu mwingine. Twiga wake alishatolewa kwenye maisha hayo zamani. Yuko uwanja wa ndege kwenye sumaku za friji. Ukimhamishia kwenye kompyuta bila mengine hutakuwa umejikomboa na Marekani. Utakuwa umejifunza kazi yao vizuri.

Na mavazi? Mandhari zote za sitini lazima ziwe na binti wa mini, amekaa kama pambo. Haya, Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana: mini marufuku, wigi marufuku, suruali za kubana marufuku, dawa za kujichubua marufuku, kuanzia Januari Mosi 1969. Hata tarehe haikusubiriwa. Mwezi huo huo wa Oktoba makundi ya vijana yalivamia wanawake pale Kariakoo, kwenye mabasi, kwa sababu ya urefu wa gauni. Barua zikajaa magazetini, wengine wakiunga mkono kwa jina la utamaduni, wengine wakiuliza ni utamaduni gani huo unaomwona mwanamke tu. Kwa hiyo gauni lile Dar es Salaam halikuwa rangi namba fulani kati ya 0 na 255. Lilikuwa uamuzi ambao binti aliufanya asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, akijua kituo cha basi kiko wapi na kina nani.

Hii ndiyo sitini ninayoidai, na ndiyo ninayoinyima mandhari. Ile yenye kituo cha basi. Waandishi wa Kimarekani wakitaka yao wanayo, ina kadi shingoni na jeneza barabarani na mbao ya kipanya, na ni tamu kuliko ua lolote. Sisi tuna yetu, ina hadi kompyuta ndani yake, maana Wizara ya Fedha ilifunga ya kwanza nchini mwaka 1965, miaka tisa kabla serikali haijapiga marufuku kuingiza nyingine. Hebu fikirieni mhusika: karani wa Hazina, 1965, nchi ina miaka minne, anaambiwa lile kabati la chuma litapiga hesabu za taifa. Riwaya hiyo sijaiona bado. Niliowaona ni wanaotafuta mudi.

Simkatazi mtu rangi. Mimi mwenyewe skrini nyeupe inanichosha, na sina imani na waandishi wanaojigamba kuwa wanahitaji ukurasa mtupu tu. Ila ombi langu kwa wanaozitengeneza mandhari hizi, na wako vijana wetu wazuri sana wanaofanya kazi hiyo siku hizi, ni dogo na linawezekana leo. Faili ni maandishi. Linavumilia maelezo: ukiweka nukta-mkato mwanzoni mwa mstari, kompyuta inauruka, haiusomi. Binadamu atausoma. Andikeni hapo herufi hizi ni za nani, zilichorwa wapi, zilikuwa zinatangaza nini, na mwaka gani. Mstari mmoja kwa kila picha. Mpiga picha wa gazeti lolote la mkoani anaandikiwa jina lake chini ya picha ya ufunguzi wa zahanati. Wes Wilson na Gerald Holtom hawastahili pungufu ya hapo.

Na kwa yule mwandishi wangu wa mudi, asiyetaka kusubiri: fungua faili kwa Notepad, tafuta mstari unaotaja picha ya nyuma, ufute. Kisha nenda kwa bibi, uombe albamu. Kama ana picha ya studio ya 1968 akiwa na gauni fupi, ipige kwa simu, irushe kwenye laptopu, andika jina la faili lake pale ulipofuta. Lakini kabla hujaondoka muulize gauni alishonewa na nani, na siku aliyolivaa alirudi nyumbani kwa basi gani.